Sentensi Mbili za Mwanzo

Zana ya arobaini na moja inaitwa Fupisha. Maelezo yake niliyaandika mimi, Nakijwa Sangiwa, asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne, na nilipomaliza nilijipongeza. Yalikuwa mafupi kuliko maelezo ya zana nyingine zote: "Chukua sentensi mbili za mwanzo za ripoti, uziweke kwenye slaidi. Jambo kuu huwa hapo."

Watu wa nje hudhani mawakala wetu wana akili kupita kiasi. Wana akili, sikatai. Ni programu tu, hawana mikono wala matumbo, lakini wakala mmoja husoma ripoti elfu nne za vijiji kabla wewe hujamaliza kupiga chafya. Ila wakala haoni kilichomo ndani ya zana anayoitumia. Anaona jina lake na maelezo yake, basi. Ukimwandikia kwamba kisu ni kijiko, atamlisha mtoto uji kwa kisu, tena kwa upole. Ndiyo maana Baraza la Maji lilituajiri sisi, waandishi sita wa hati za zana, likatuweka ghorofa ya tatu penye kiyoyozi kikali, tuwaambie mawakala kila zana ni ya nini na inatumikaje. Mimi nilikuwa hodari kuliko wale watano, na nilihakikisha wanajua.

Baraza lenyewe halisomi ripoti. Zamani lilikuwa likisoma, na likisikiliza watu, mpaka mwaka ule wa ukame lilipokaa siku kumi na moja likisikiliza hotuba huku mifugo ya bonde zima inakufa. Baada ya hapo ikatungwa sheria: kila kijiji kitakuwa na slaidi moja kwa wiki, slaidi haitazidi maneno kumi na tano, na ndani ya ukumbi hakuna atakayefungua kinywa isipokuwa Mwenyekiti. Siku sheria ilipopita watu walicheza ngoma barabarani. Nilikuwa kidato cha nne, nikacheza nao.

Kwa hiyo kila Alhamisi tulikaa kwenye roshani ya mafundi, juu ya ukumbi, tukitazama kazi yetu ikipita kwenye skrini. Fupisha inachukua maneno. Zana nyingine, Pamba, inaonja maneno hayo na kuchagua rangi na picha. Habari njema hupata kijani na watoto wanaocheka. Habari mbaya hupata nyekundu, na hapo ndipo Mwenyekiti huinua kalamu.

"Vumbwe," alisoma Mwenyekiti, Bi Rukonge, mwanamke mwembamba asiyependa kurudia neno. Skrini ilikuwa kijani tupu. "'Salamu nyingi kutoka Vumbwe. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.' Vizuri. Inayofuata."

Bwana Temu, mkuu wa kitengo chetu, akanipiga kiwiko. Yeye Mchaga, mimi Mpare, na utani wetu haukuwa na likizo. "Watu wa kwenu hao," alininong'oneza. "Wiki ya tisa hii hawajambo. Hata mafua hawaugui?"

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kitenge. Nalikumbuka vizuri cheko lile.

*

Jumatatu iliyofuata mlinzi alipiga simu kutoka getini. Kuna mama, alisema, anataka kuonana na mtu anayesoma ripoti za vijiji. Bwana Temu akauliza chumba kizima ni nani anayesoma ripoti za vijiji, na chumba kizima kikacheka, maana hakuna. Kisha akanitazama mimi. "Katoka Vumbwe. Kamsalimie wewe, Nakijwa. Mimi sina siku nzima."

Nilimkuta ameketi wima kwenye benchi la wageni, amevaa sare ya zahanati iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi, daftari la shule mapajani. Alikuwa na umri kama wa mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje?"

"Salama."

"Wa nyumbani hawajambo? Kazi inakwendaje?" Akasoma kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu, uso wake ukafunguka. "Sangiwa! Kumbe wewe ni wa kwetu. Basi nimefika nyumbani. Mimi ni Namsifu Kiondo, mhudumu wa zahanati ya Vumbwe. Ripoti za kila wiki naziandika mimi."

Nikamwambia karibu. Akanieleza kwamba safari ilikuwa njema, kwamba huko mvua zimenyesha vizuri, kwamba mahindi yamestawi na tangawizi nayo imekubali mwaka huu. Mimi nilikuwa nikitazama saa ukutani. Nilikuwa nimeacha hati nusu mezani.

"Ila, mwanangu," alisema, sauti ikashuka, "kile kisima kipya mlichotuchimbia kinatuua."

Akafungua daftari. Kulikuwa na majina thelathini na moja, kila jina na umri wake na siku aliyozikwa. Mengi yalikuwa ya watoto. Wanavimba nyuso, alisema, kisha miguu, kisha mkojo unakata, na siku ya tano wanaondoka. Kisima cha zamani kilikwishafukiwa na wachimbaji walipoleta kipya, kwa hiyo wanakunywa huku wanajua.

"Nimewaandikia kila wiki. Wiki tisa. Nikasema labda barua hazifiki, labda nimewakosea wakubwa. Nani anazisoma, mwanangu? Nionyeshe nimwangukie miguuni."

Nilimwambia asubiri. Nilipanda ngazi, nikafungua ghala la ripoti, nikaita za Vumbwe. Zote tisa zilikuwapo. Hii ndiyo ya wiki ya kwanza, yote:

"Salamu nyingi kutoka Vumbwe. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza na watu wanalima. Tunawashukuru kwa kisima kipya. Ila wiki hii tumezika watoto wawili na wengine wamevimba. Tunaomba maji yapimwe haraka."

Nilizisoma nyingine nane nimesimama. Wiki ya sita ilianza na salamu zilezile, na mwishoni kulikuwa na watu saba waliozikwa kwa wiki moja.

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Babu yangu alipofariki, baba mdogo alinipigia simu nikiwa chuoni. Akauliza afya yangu, akauliza mitihani, akaniambia mbuzi mweupe amezaa mapacha, akaniambia paa la kanisa limekwisha kuezekwa. Nami nilikaa kitandani nikisubiri "ila," mkono umeshika mbavu, kwa sababu kwetu mtu hapigiwi simu mchana kuelezwa mbuzi. Kwetu msiba hautupwi usoni mwa mtu kama maji ya kuoshea vyombo. Unamkalisha kwanza. Unampa habari za uzima ajue kuna kitu bado kimesimama, halafu ndipo unamwambia. Haya niliyajua kabla ya kujua kusoma.

Niliandika "jambo kuu huwa hapo" kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na miwili mjini na nilitaka kuonekana mtu wa mjini. Ripoti za kuijaribia Fupisha tuliziandika sisi wenyewe, sita, ofisini, tukinywa chai, na kila mmoja wetu alianza na jambo kuu kama tulivyofundishwa. Zana ikafaulu mara mia kwa mia. Bwana Temu akanisifu mbele ya wote kwamba angalau Mpare mmoja ameacha salamu. Niliona fahari siku ile.

*

Bwana Temu alisoma zile ripoti tisa kwa dakika mbili. Si mjinga hata kidogo. Alipomaliza alikwenda kufunga mlango.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu."

"Vema." Akakaa. "Habari za huyo mama zimeshafika juu, wapimaji wa maji wametumwa, na ubaya wa kisima utathibitika. Alhamisi Baraza litauliza swali moja: kwa nini hatukuambiwa? Na sheria ya Kuficha Hatari unaijua."

Kila mtu anaijua. Yeyote aliyesababisha Baraza lisijue hatari, kwa kusema au kwa kunyamaza, kwa kusudi au kwa uzembe, kifungo ni miaka saba, na hakuna rufaa.

"Ni hati yangu," nilisema. "Yeye aliripoti, sisi ndio tuliomkata ulimi."

"Wewe ndiye uliyemkata. Mimi nilipitisha tu." Alitabasamu. "Fomu ya Kukiri Kosa la Hati ipo kwenye mfumo, ukurasa mmoja. Ukiijaza, zana zote arobaini na moja zinasimama mpaka zikaguliwe, Baraza linakaa bila slaidi miezi mitatu, vijiji elfu nne vinasubiri, na wewe unakwenda kufuma mikeka gerezani. Usipoijaza, itaonekana mama aliandika vifo saba chini ya mahindi na mvua. Na hilo ni kweli, sivyo? Aliviandika chini."

"Aliviandika kama watu wanavyoandika!"

"Yule mama ana miaka hamsini na tisa. Wewe una thelathini na nne. Miaka saba yako bado mipya, Nakijwa. Yake imeshachakaa." Akafungua mlango, akinionyesha njia. "Hakuna aliyekuuliza kitu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Ningependa kusema nilimtemea mate. Nilimwambia "sawa, bosi," nikatoka.

Jioni ileile wakamshika Bi Namsifu palepale kwenye benchi la wageni, ambako alikuwa bado ananisubiri.

*

Mshitakiwa wa Baraza haongei. Anapewa kishikwambi na chumba chenye dirisha, anaandika utetezi wake, na utetezi unageuzwa slaidi moja kama jambo lingine lolote. Mawakala ndio wanaoigeuza, asubuhi ya kikao, kwa zana zilezile. Mpaka saa tatu ya asubuhi hiyo mshitakiwa anaweza kubadilisha maneno yake. Baada ya hapo yanafungwa.

Jumatano saa sita mchana nilikwenda kumwona, kwa kisingizio cha kukagua kishikwambi. Alinikaribisha kama vile chumba ni chake.

"Nimeshamaliza, mwanangu. Nisomee uone kama nimeandika vizuri. Miwani yangu waliichukua."

Nikasoma. "Waheshimiwa wa Baraza, nawasalimu kwa heshima. Nawaomba radhi kwa kuwasumbua, mnisamehe kama mama yenu." Kisha yakafuata maisha yake: miaka thelathini na moja zahanatini, watoto aliowazalisha, kisima, dalili, mazishi. Mwisho kabisa aliandika: "Ila sikuficha kitu, niliripoti vifo vyote kila wiki. Ripoti zangu tisa zipo ghalani, zifungueni mzisome."

Niliona slaidi ile kichwani mwangu, na rangi yake. Nawaomba radhi. Mnisamehe. Mbele ya wajumbe saba wa Baraza wanaotafuta wa kufunga.

"Mama, geuza," nilisema. "Anza na haya ya mwisho. Weka ripoti tisa juu kabisa. Salamu ziache."

"Niziache?"

"Hazina kazi hapa."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyekosa malezi. "Nianze na maiti kabla sijawasalimu watu? Niwaambie wakubwa 'fungueni msome' hata sijawaomba radhi? Hapana, mwanangu. Wakinifunga wanifunge, lakini wasiseme Namsifu alikuwa hana adabu."

"Hawatasoma mpaka chini!"

"Mtu mzima aanze kusoma barua asimalize?" Akacheka kidogo. "Nani amefundisha watu hivyo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Angejua kwa nini, angegeuza utetezi wake au angeniacha nikajaze fomu, moja kati ya hayo. Nilikuwa nimemkabili, magoti yetu yanakaribia kugusana. Nilimpenda wakati ule, nasema kweli, na nilimwogopa. Nikasema, "Basi, mama, fikiria," nikamrudishia kishikwambi.

Nilirudi mezani kwangu nikiwa na wazo, na wazo lenyewe lilinifurahisha kwa kuwa halikunitaka nipoteze kitu. Mwandishi wa hati anaruhusiwa sahihisho dogo, lisilozidi maneno kumi, bila kibali cha mtu. Ni moja kwa mwaka kwa kila zana. Sahihisho dogo haliandikwi mahali popote panapoonekana. La pili ndilo linalokwenda kwa wakaguzi, na wao hufungua historia yote ya hati tangu siku ya kwanza.

Mimi sikuhitaji maneno kumi. Nilihitaji neno moja. Nilifungua maelezo ya Fupisha, nikafuta "mwanzo," nikaandika "mwisho."

Chukua sentensi mbili za mwisho za ripoti, uziweke kwenye slaidi. Jambo kuu huwa hapo.

Nikajaribu kwa zile ripoti tisa za Vumbwe. Zote tisa zikatoka nyekundu, moja baada ya nyingine, watoto na majeneza na maji. Nikajaribu vijiji vingine ishirini, vya pwani, vya ziwani, vya Usukuma, na karibu kila kimoja kilikuwa na "ila" yake pale chini, imekaa miezi haijaonwa na mtu. Nililia mezani. Nililia kwa furaha pia, siwezi kuficha. Nilimwona Bi Namsifu anatoka huru, vijiji vinapona, na jina langu halijaguswa. Nilikwenda nyumbani nikapika wali wa nazi, nikala nikashiba.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bi Namsifu aliketishwa kwenye kiti cha peke yake mbele ya skrini. Aligeuka akatafuta huku na huku, akainua macho mpaka kwenye roshani, akaniona. Akanipungia mkono kwa furaha, kisha akafanya ishara ya kugeuza kitu, kiganja juu, kiganja chini.

Sikuielewa. Niliinua mkono nami nikampungia.

Slaidi ya wapimaji wa maji ilikuja kwanza, nyekundu: maji yana sumu itokayo mwambani, watu thelathini na mmoja wamekufa. Slaidi ya pili ilikuwa ya kitengo chetu, imesainiwa na Bwana Temu: zana zote zinafanya kazi kama zilivyoelezwa. Ya tatu ilikuwa na kichwa "Utetezi wa Mshitakiwa." Rangi yake ilikuwa kijivu, na Pamba ilikuwa imeweka picha ya mwanamke aliyeinamisha kichwa.

"Nawaomba radhi kwa kuwasumbua, waheshimiwa. Mnisamehe kama mama yenu."

Nilisoma mara tatu kabla akili haijakubali. Alikuwa amefikiria, kama nilivyomwambia. Mapema asubuhi, kabla ya saa tatu, alikuwa amenikubali mimi mtoto wa kwao mwenye shule, akameza adabu ya maisha yake yote, akapandisha vifo na ripoti tisa juu kabisa. Na kwa kuwa hakuweza kuitupa ile radhi, akaiweka chini.

Wakati bado ulikuwapo. Hukumu ilikuwa haijatoka. Mtu akipiga kelele ukumbini anatolewa nje kwa nguvu, lakini maneno yanakuwa yameshasikika. Nilisimama. Bwana Temu hakunishika. Aliniangalia tu, ametulia, anataka kuona. Chini kule Bi Namsifu alikuwa akiitazama skrini bila miwani, akitabasamu, kwa kuwa hakuweza kusoma kilichoandikwa. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kwa maneno mawili.

Nikakaa. Niliogopa, sina neno lingine la kuliweka hapo.

"Amekiri," alisema Mwenyekiti. "Miaka saba. Vumbwe ipelekewe gari la maji kila wiki mpaka slaidi yake irudi kijani. Inayofuata."

Walimpitisha kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, nami nilikuwa nimeshuka, sijui kwa nini. Askari wawili wa kike walimshika mikono kwa heshima kabisa. Aliponiona alisimama, nao wakasimama.

"Wamesoma, mwanangu? Niliyaweka juu kama ulivyonielekeza. Mwenyekiti kasema nini? Masikio yangu haya, nilisikia 'saba' tu."

"Wamesoma, mama."

"Mungu akubariki. Mwanzoni nilikuona kama huna adabu." Alinigusa shavu kwa kiganja kikavu chenye harufu ya sabuni ya kipande. "Kumbe ulikuwa unanihangaikia."

*

Siku iliyofuata Bwana Temu aliniagiza waraka. Baraza limeona tatizo, alisema, ni waandishi wa vijijini, basi waelekezwe. Aliniimlia neno kwa neno huku akizungushazungusha kijiko kwenye chai: kuanzia sasa, katika ripoti zote, jambo zito litangulie, salamu zifuate.

Mikono yangu ilibaki juu ya kibodi. "Zifuate? Tusiseme ziachwe kabisa?"

"Waachishe salamu watu elfu nne? Wewe unataka maandamano." Akanywa. "Kuna tatizo lolote na zana yako nisilolijua?"

"Hapana."

"Basi andika."

Niliandika. Nilijua ninachokiandika, herufi kwa herufi, na niliweka hata nukta mahali pake. Waraka ulipelekwa vijiji vyote kabla ya saa sita, ukabandikwa kwenye zahanati na shule na ofisi za kata, na watu waliokwisha sikia habari ya miaka saba waliutii kuliko Amri Kumi.

Gari la maji lilikwenda Vumbwe mara tatu. Kwa wiki mbili za kwanza hakukuwa na ripoti, maana hakukuwa na wa kuandika. Wiki ya tatu kazi ya Bi Namsifu akapewa mwalimu mmoja wa shule, na ripoti yake ya kwanza niliisoma asubuhi ileile ilipoingia. Sasa nilikuwa nazisoma. Ndani ya jengo lile mimi peke yangu nilikuwa nazisoma.

"Wiki hii tumezika watu sita. Gari la maji ni dogo, wengi bado wanakunywa kisimani. Tunaomba magari mawili. Salamu nyingi kutoka Vumbwe. Sisi wengine hatujambo, tunamshukuru Mungu."

Nilifungua maelezo ya Fupisha, nikaweka kishale mbele ya neno "mwisho." Onyo likatokea kwa maandishi ya njano: Hili ni sahihisho la pili. Historia ya hati itafunguliwa kwa wakaguzi. Uendelee? Niliwazia wakaguzi wakikuta neno nililobadilisha siku moja kabla ya hukumu. Si miaka saba tena hapo. Nilikaa na onyo lile mpaka kengele ya kikao ikalia, kisha nikalifunga.

Skrini ilikuwa kijani tupu, watoto wanacheka.

"'Salamu nyingi kutoka Vumbwe. Sisi wengine hatujambo, tunamshukuru Mungu,'" alisoma Bi Rukonge, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Wamepona. Gari lirudishwe. Inayofuata."

Bwana Temu akanipiga kiwiko. Nilijilazimisha kucheka, cheko likatoka.

Niliporudi nilikuta bahasha mezani, imefunguliwa na kugongwa muhuri wa gereza. Karatasi mbili zilizojaa pande zote, mwandiko mkubwa wa mtu asiye na miwani. "Mwanangu Nakijwa, hujambo? Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu."

Chini yake kuna mistari mingi. Nilisoma sentensi hizo mbili, nikaikunja barua, nikaitia kwenye droo, nikaenda kunywa chai.